Namba mpya ikiingia, wastani wako uuhesabuje? Kurudia zote, kusogeza, dirisha au mediani

Hali yenyewe ni hii, una data yako, wastani ushaupata na umeuandika mahali, alafu inakuja namba moja mpya. Unafanyaje? Wengine wanarudi mwanzo wanajumlisha zote upya, wengine wanachukua wastani wa zamani wanaujumlisha na namba mpya wanagawa kwa mbili, wengine wanaiachia kompyuta bila kujua imefanya nini ndani, na kila mmoja anapata jibu lake na majibu hayafanani. Ndo maana nimezipanga hizi njia pamoja na zote nimezipitisha kwenye data ileile, ili mtu akichagua ajue anachagua nini, maana baadhi zinatoa jibu lilelile kwa kazi tofauti, na nyingine zinajibu swali lingine kabisa japo zote watu wanaziita wastani.

Data iwe hii ndogo: 12, 15, 11, 14, 18. Jumla yake 70, ziko 5, wastani 14. Namba inayoingia ni 26. Majibu yanatoka hivi (kila njia naieleza chini):

Kujumlisha zote upya: 16
Kutunza jumla na idadi: 16
Kuusogeza wastani kwa fomula: 16
Wastani wa zamani na namba mpya gawa kwa mbili: 20
Dirisha la namba 5 za mwisho: 16.8
Kusahau taratibu, uzito wa 0.2: 16.4
Mediani: 14.5

Tatu za kwanza zinakubaliana kwa sababu kwa hesabu ni kitu kimoja. Ya nne ni kosa, ukiwa unatafuta wastani wa kawaida. Tatu za mwisho sio kosa ila zinakujibu kitu kingine, na hapo ndo watu wanagombana bure.

Kujumlisha zote upya sina mengi ya kusema. Ukiwa na namba 30 kwenye Excel, fanya hivyo, acha fomula ijumlishe safu nzima na uendelee na maisha. Faida yake kubwa ni kwamba mtu akigundua namba mojawapo ilikosewa unairekebisha na wastani unajirekebisha wenyewe. Shida inaanza data ikiwa kubwa au ikiwa zile namba za mwanzo hauna tena, umebaki na wastani tu.

Sasa jumla na idadi. Hapa hutunzi namba zote, unatunza mbili tu, jumla (70) na idadi (5). Ikija 26 unafanya 70 + 26 = 96, idadi inakuwa 6, unagawa unapata 16. Ikija nyingine vivyo hivyo. Hata ziingie milioni moja wewe bado una namba mbili mkononi. Mimi kwa kazi nyingi za karatasi na za kompyuta ndogondogo hii ndo ningemshauri mtu aanze nayo, na nasisitiza hapa kwa nguvu zote: usitunze wastani peke yake. Wastani bila idadi hauwezi kupokea namba mpya. Mtu akikuambia "wastani ni 14 na imeingia 26, mpya ni ngapi" hakuna jibu hapo, kama zilikuwa 5 ni 16, kama zilikuwa 500 ni 14.02, kama ilikuwa moja tu ni 20. Swali lenyewe halijakamilika, na bado unakuta ripoti nzima zimejaa wastani na hakuna mahali idadi imeandikwa, mwaka unaofuata mtu anataka kuongezea data mpya anakwama.

Njia ya tatu ndo naipenda zaidi, na sio kwa sababu ni fupi, ni kwa sababu inakuonyesha kinachotokea. Inaenda hivi:

wastani mpya = wastani wa zamani + (namba mpya − wastani wa zamani) ÷ idadi mpya

Kwa data yetu, 26 imeuzidi wastani kwa 12. Hiyo 12 ndo pengo. Sasa chukulia wastani ni ile hali ya kila mmoja kupewa sawasawa: watano wa mwanzo kila mmoja ana 14, anaingia wa sita ana 26, yaani ana 14 kama wenzake na 12 za ziada, hizo za ziada zinagawanywa kwa wote sita (naye mwenyewe akiwemo) kila mmoja anapata 2, bas 14 + 2 = 16. Ukiiona hivyo huhitaji kukariri fomula, na utaelewa kwa nini unagawa kwa idadi MPYA na sio ya zamani, kwa sababu huyo aliyeingia naye anagawiwa. Ukigawa kwa 5 unapata 16.4 na hilo ni kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya na gumu kulishtukia, kwa sababu jibu linakuwa karibu karibu na la kweli.

Kutoka kwenye hiyo fomula mambo mengi yanajifungua bila hesabu yoyote. Namba mpya ikiwa juu ya wastani, wastani unapanda. Ikiwa chini unashuka. Ikiwa sawasawa na wastani hausogei hata kidogo, hata uingize mia moja za namna hiyo. Wastani mpya siku zote unakaa mahali fulani kati ya ule wa zamani na namba iliyoingia, hauwezi kuiruka namba mpya, kwa hiyo ukipata jibu lililo nje ya hapo acha kila kitu urudie hesabu. Na kadiri idadi inavyokua ndo namba moja inavyopoteza nguvu: pengo lilelile la 12 likiingia kwenye namba 5 linasogeza 2, likiingia kwenye 49 linasogeza 0.24, kwenye 999 ni 0.012.

Mfano halisi wa hili uko kwenye kriketi, na sijui mwingine unaouma kama huu. Don Bradman wa Australia aliingia uwanja wa The Oval, London, Agosti 1948 kwa mechi yake ya mwisho ya Test (kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa) akiwa na mikimbio 6,996, yaani alama za mpigaji. Wastani wa mpigaji kwenye kriketi ni mikimbio gawa kwa mara alizotolewa, na yeye alikuwa ametolewa mara 69, kwa hiyo wastani wake ulikuwa 101.39. Akatolewa kwa mpira wa pili na sifuri. Mikimbio imebaki 6,996 ila sasa imegawanywa kwa 70, ikawa 99.94. Angepata mikimbio 4 tu kabla ya kutolewa ingekuwa 7,000 gawa kwa 70, mia kamili. Pitisha kwenye fomula: pengo ni 0 − 101.39, gawa kwa 70 ni −1.45, na 101.39 toa 1.45 ni 99.94. Angalia hapo kwamba sifuri haikuongeza chochote kwenye jumla na bado wastani ulishuka, kwa sababu idadi iliongezeka. Sifuri ni namba kama nyingine. Mtu anayesema "sijaongeza kitu kwa hiyo wastani haujabadilika" amesahau idadi, na anayeruka sifuri wakati wa kuhesabu kwa kudhani haina uzito anaharibu wastani kabisa. Upande wa pili, siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa sio sifuri, ni nafasi tupu, hiyo usiihesabu kwenye idadi. Hizi mbili zikichanganywa hakuna fomula itakayokuokoa.

Fomula hiihii ukiigeuza inajibu swali ambalo wanafunzi wanauliza kila mwisho wa muhula, nahitaji ngapi ili wastani ufike pale ninapotaka. Namba unayohitaji = lengo + idadi ya zamani × (lengo − wastani wa zamani). Una mitihani 9, wastani 62, unataka 65: 65 + 9 × 3 = 92. Inawezekana, ngumu lakini inawezekana. Unataka 70? 70 + 9 × 8 = 142, na mtihani una 100, kwa hiyo kwa mtihani mmoja haiwezekani hata ufanye nini, na ni vizuri mtu aambiwe hivyo mapema kuliko kupewa moyo wa bure. Kwa mitihani kadhaa je? Ukipata 100 kila mara, upungufu ni 9 × 8 = 72, na kila mtihani wa 100 unaziba 30 (100 toa 70), 72 gawa kwa 30 ni 2.4, maana yake mitatu. Hakiki: 558 + 300 = 858, gawa kwa 12 ni 71.5, umepita. Kwa miwili ni 758 gawa kwa 11, 68.9, bado. Kama masomo yana uzito tofauti, mambo ni yaleyale ila badala ya idadi unaweka jumla ya uzito, na pengo unalizidisha kwa uzito wa hilo somo jipya kabla ya kugawa.

Kutoa namba au kubadilisha nako kunafuata hapohapo. Ukiondoa namba, wastani unasogea upande wa pili: wastani wa zamani − (namba iliyotolewa − wastani wa zamani) ÷ (idadi toa 1). Ukibadilisha namba moja kwa nyingine, idadi haibadiliki, unachukua tofauti ya mpya na ya zamani unagawa kwa idadi unaongeza. Kuna jambo moja hapa linashangaza watu, kuhamisha namba kutoka kundi moja kwenda lingine kunaweza kupandisha wastani wa makundi YOTE mawili. Kundi la chini 5, 6, 7 wastani 6. Kundi la juu 20, 22, 30 wastani 24. Hamisha 20 kwenda chini: la chini linakuwa 9.5, la juu 26. Hakuna hata mtu mmoja aliyebadilika. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani walilieleza hili kwenye saratani, vipimo vipya vya picha vilikuwa vinagundua uvimbe mdogo uliosambaa, wagonjwa wakawa wanahamishwa kutoka hatua ya awali kwenda hatua ya mbele, na takwimu za kuishi zikaonekana kupanda katika kila hatua bila tiba kuwa bora zaidi. Kwa hiyo ukiona wastani wa makundi yote umepanda kwa pamoja, kabla ya kushangilia uliza kwanza nani kahamia wapi.

Sasa kati ya jumla-na-idadi na kusogeza, uchague ipi? Kwa kalkuleta na karatasi chagua jumla na idadi, na sababu yake ni kukadiria desimali. Angalia hili. Una namba 50 zenye wastani 14, na wewe mfumo wako unaandika wastani bila desimali. Inaingia 20: 14 + 6 ÷ 51 = 14.12, unaandika 14. Inaingia 20 tena: 14 + 6 ÷ 52 = 14.12, unaandika 14. Namba 20 iingie mara mia moja mfululizo, daftari lako bado litasema 14! Wakati ukweli ni 700 + 2,000 = 2,700, gawa kwa 150, ambayo ni 18. Kila hatua ulikosea kidogo tu na bado mwisho umepotea kwa 4 nzima. Kwa hiyo ukitumia kusogeza tunza desimali nyingi ndani, kadiria pale unapoonyesha tu. Jumla haina hilo tatizo kwa sababu 20 inaingia nzima.

Kwenye kompyuta mambo yanaweza kugeuka. Jumla inakua na inakua, na namba za desimali za kompyuta zina mwisho wa usahihi. Kwenye zile za biti 32 (zinazoandikwa kwa nafasi 32 za 0 au 1), ukifika 16,777,216 ukaongeza 1 unapata 16,777,216 ileile, moja imemezwa. Fikiria kifaa kinachopokea 1, 1, 1 bila kukoma na kujumlisha kwa namba za aina hiyo: jumla itagota hapo, idadi (ikiwa inahesabiwa kwa namba nzima kamili) itaendelea, na zikifika 33,554,432 wastani utasomeka 0.5 wakati kila kilichoingia ni 1. Kusogeza kungebaki kwenye 1 sawasawa kwa sababu pengo ni sifuri kila mara. Nako sio salama kwa asilimia mia, idadi ikiwa kubwa sana ule msogeo mdogo unaweza kupotea, ila wastani wenyewe hauvimbi kama jumla. Kwa biti 64 mpaka huo uko 9,007,199,254,740,992 kwa hiyo wengi wetu hatutaufikia, lakini kuna vifaa vidogo vingi ambavyo bado vinatumia 32, kwa hiyo anayeandika programu za vifaa hivyo asilipuuze hili.

Na kama unataka pia kujua data imetawanyika kiasi gani, sio wastani tu, basi kusogeza ndo inashinda moja kwa moja. B. P. Welford alichapisha mwaka 1962 njia ya kusasisha jumla ya miraba ya tofauti (tofauti ya kila namba na wastani, ikizidishwa kwa yenyewe) bila kurudi nyuma: zidisha pengo kutoka wastani wa zamani kwa pengo kutoka wastani mpya, ongeza kwenye ile uliyokuwa nayo. Kwa data yetu, miraba ya mwanzo ni 4 + 1 + 9 + 0 + 16 = 30. Inaingia 26, pengo la zamani 12, pengo jipya 10, mara ni 120, jumla 150. Hesabu mwenyewe kwa mkono kutoka 16 utaona ni 150 kweli. Unatunza namba tatu, idadi, wastani na hiyo miraba, na unakuwa na kila unachohitaji kwa varianzi, yaani kipimo cha huo mtawanyiko.

Ile ya kugawa kwa mbili nayo tuizungumzie kwa heshima yake maana inatumiwa sana. Ilitoa 20 wakati jibu ni 16. Inachofanya ni kumpa huyo aliyeingia leo nusu ya uzito wote, na wale watano waliotangulia wagawane nusu iliyobaki. Ikiingia nyingine tena, 26 inabaki na robo, watano wa mwanzo wote kwa pamoja robo. Mpangilio wa kuingia unabadilisha jibu, namba zilezile ukizipanga vingine unapata wastani mwingine, na wastani wa kweli haujali nani alitangulia. Inakuwa sahihi hali moja tu, pale pande zote mbili zina idadi sawa, kwa mfano namba moja na namba moja, au kundi la 40 na kundi la 40. Makundi yakiwa na idadi tofauti rudi kwenye pengo: wastani wa zamani + idadi ya wapya × (wastani wa wapya − wastani wa zamani) ÷ idadi ya wote.

Ila kuna ndugu yake ambaye ni wa heshima, ndo ile niliyoiita kusahau taratibu. Badala ya nusu unachagua uzito mdogo, tuseme 0.2, na kila namba mpya inasogeza wastani kwa 0.2 ya pengo bila kujali zimeshaingia ngapi. 14 + 0.2 × 12 = 16.4. Fomula ni ileile ya kusogeza, tofauti ni kwamba badala ya kugawa kwa idadi inayokua, unazidisha kwa kitu kisichobadilika, kwa hiyo wastani hauzeeki, hata baada ya miaka bado unasikia namba mpya. Intaneti yenyewe inaitumia hii: kompyuta inayotuma data kwa TCP (utaratibu wa kutuma data mtandaoni na kuhakikisha imefika) inakadiria muda wa kwenda na kurudi, na kila kipimo kipya kinasogeza makadirio kwa moja ya nane ya pengo. Ina mantiki, hali ya mtandao ya asubuhi haina maana usiku, ukitumia wastani wa vyote tangu mwanzo utakuwa na namba nzito isiyosikia kitu.

Dirisha linajibu hitaji hilohilo kwa namna nyingine, unachukua 5 za mwisho tu, ya zamani kabisa inatoka mpya inaingia. Kwetu 12 imetoka 26 imeingia, tofauti 14, gawa kwa 5 ni 2.8, kwa hiyo 16.8. Ubaya wake mmoja ambao haushtukiwi ni kwamba wastani unaweza kuruka leo kwa sababu ya namba iliyotoka, sio iliyoingia. Siku ile 26 itakapotoka dirishani wastani utashuka hata kama kilichoingia ni cha kawaida, na mtu ataanza kutafuta sababu ya leo wakati sababu ni ya kipimo cha tano nyuma. Pia lazima utunze namba zote za ndani ya dirisha. Kusahau taratibu hakuna huo mruko na kunatunza namba moja tu, ndo maana mimi nikilinganisha hizo mbili naegemea huko, isipokuwa pale ambapo mtu anahitaji kumwambia mwingine kwa maneno rahisi "huu ni wastani wa siku 7 zilizopita", hapo dirisha linaeleweka haraka zaidi.

Imebaki mediani, namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa. Kabla ilikuwa 14, ikaingia 26 ikawa 14.5. Sasa chukulia aliyeandika aliteleza kidole akaandika 260 badala ya 26. Wastani wa kawaida unakuwa 330 gawa kwa 6, yaani 55, namba ambayo haifanani na kitu chochote kilichomo kwenye data. Dirisha linakuwa 63.6. Kusahau taratibu 63.2. Mediani? 14.5 ileile, haijatikisika. Kwa mediani swali ni namba imeangukia upande gani tu, umbali haijali. Kwa hiyo kama data yako inaweza kupata namba za ajabu, makosa ya kuandika, kifaa kinachoruka, au vipato ambavyo wachache wako juu mno, hapo mediani inakupa picha ya mtu wa kawaida na wastani haukupi.

Lakini usihamie huko kwa pupa. Mediani huwezi kuisasisha kwa namba mbili za mfukoni, ukijua tu ilikuwa 14 na idadi 5 huwezi kujua itakuwa ngapi, lazima uwe na data yenyewe imepangwa. Na kama jumla ndo ina maana kwako, mfano unataka kujua mzigo wote utakuwa kiasi gani, mediani mara idadi haikupi jumla, wastani mara idadi unakupa. Pia kuna pale ambapo hiyo namba ya ajabu ndo habari yenyewe, mafuriko ya siku moja sio kosa la kuandika, na kipimo kisichoyasikia kitakuumiza.

Kwa hiyo ukiniuliza niende na ipi ningekuuliza kwanza una nini mkononi. Data yote na ni ndogo, hesabu upya. Data inaendelea kumiminika, jumla na idadi, na kwenye kompyuta inayopokea namba kwa muda mrefu au ukitaka na mtawanyiko, kusogeza. Hali inabadilika na ya zamani haina maana, kusahau taratibu. Huziamini namba zinazoingia, mediani, na wastani uuweke pembeni yake, vikiachana sana ujue kuna kitu cha kuchunguza.

Na kama umekuta wastani mtupu ambao mwenyewe hakuandika idadi, usikate tamaa haraka. Ukiweza kuuona kabla na baada ya namba moja unayoijua kuingia, idadi unaweza kuichomoa: pengo gawa kwa msogeo. Ulikuwa 14, imeingia 26, umekuwa 14.5, basi 12 ÷ 0.5 = 24, sasa ziko 24 na kabla zilikuwa 23. Angalia desimali tu, maana kama hizo 14.0 na 14.5 zimekadiriwa kwa desimali moja, msogeo wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 0.6, na idadi inakuwa popote kati ya kama 20 na 30. Subiri ziingie mbili tatu unazozijua, rudia hesabu kwa kila moja, na huo upana unaweza kupungua.